Mlango 604 Haujalalamika

Ukeateka nilijifunza kwa daftari. Ploti yetu ya Huruma, upande wa Kiamaiko, ni ya singo rumu kuanzia chini hadi juu, na kila shida iliandikwa kwa kalamu: tarehe, nambari ya mlango, kilichoharibika. Fundi akimaliza, unapiga mstari.

Ajenti alipotuwekea programu kwenye simu, hakuwa na haja na mifereji. Programu hizi hununuliwa kwa sababu ya kodi. Mpangaji analipa kwa M-PESA, anaandika nambari ya mlango kama akaunti, na landilodi anajua papo hapo nani bado. Matengenezo yalikuwa kitufe kimoja pale chini ambacho ofisini hakuna aliyekishughulikia.

Nilikishughulikia mimi. Wapangaji hawakukitumia, kwa sababu mwenye deni la mwezi hawezi kuichokoza ofisi kwa habari ya bomba. Walinisimamisha kwenye ngazi kama zamani, "Keateka, kwangu kunavuja," nami nikaingiza mwenyewe usiku.

Daftari hufuata tarehe. Programu ilinipangia kwa mlango, na hapo nikaona 204, 304, 404 na 504 zimejaa: rangi inabanduka, ukuta una unyevu, swichi inapiga shoti. Vyumba vilivyobebana hutumia bomba moja la maji taka, linaloshuka toka juu hadi chini. Miaka yote tulikuwa tukimzibia aliyepiga kelele. Safari hii tulilifuata bomba hadi juu. Fundi alivunja ukuta wa 604, chumba ambacho hakijawahi kulalamika hata siku moja, akakuta kiungo kimeachana. Bila shaka hakikulalamika: maji hayapandi.

Lakini kuandika si kutengeneza, na Huruma tunalijua hilo kwa uchungu. Usiku wa 29 Aprili 2016, mvua ikimiminika, jengo la makazi liliporomoka mtaani humu na kuua watu zaidi ya 50. Lilikuwa limekwisha kuorodheshwa kubomolewa.

Ndiyo maana siwaachii watu wa ofisini wabonyeze "imekamilika" wakati hawajapanda hata ngazi moja. Kazi haifungwi kwangu bila picha ya kabla na ya baada. Tatizo ni nyufa. Programu ina maji, stima, kufuli, rangi na mengineyo. Nilipomwomba ajenti aongeze nyufa, alisema landilodi hatapenda kuliona neno hilo kwenye ripoti. Basi naziingiza katika mengineyo: napiga alama ya penseli mwisho wa ufa, naandika tarehe ukutani, naweka rula kando, napiga picha. Mwezi unaofuata narudi na rula ileile.

Nyufa mbili za koridoni hazijasonga. Ule wa nguzo iliyo chini ya tangi umeipita alama yangu, na zile picha nilimtumia landilodi mwenyewe, si ajenti. Mhandisi anakuja Alhamisi.