Mizani ya Leo na ya Kesho

Wahenga walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii niliikariri shule ya msingi, nikaitumia kupamba insha zangu za upili, nikaja kuwafunza wengine nilipoajiriwa ualimu, na katika muda huo wote sikuwahi kuitilia shaka hata chembe. Ilinilazimu kuvuka bahari na kuketi juu ya benchi la bati, pembeni mwa uwanja wa shule moja kaskazini mwa Atlanta, jimbo la Georgia, nchini Marekani, ndipo nikaanza kujiuliza huyo aionaye nyota asubuhi huwa ameona nini hasa.

Msomaji anistahimili, kwa kuwa mchezo nitakaousimulia haujakita mizizi kwetu. Nao ni besiboli. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo akavurumisha mpira mdogo mgumu. Mpigaji huusubiri na gongo lake umbali wa mita 18 na ushei. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji. Mengine si lazima kuyajua ili kunifuata.

Mnamo Agosti 2022 nilipata ufadhili wa kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo katika chuo kikuu kimoja cha jimbo hilo. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 11. Mmojawapo alikuwa binti aliyezifurahia ngeli (naapa, wapo watu wa namna hiyo), na binti huyu alikuwa na ndugu wa kiume wa miaka 18, aliyekuwa akimalizia shule ya upili na ambaye ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu ya shule. Siku moja mwezi Machi mwaka uliofuata alinijia baada ya kipindi, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno: "Mwalimu, Ijumaa jioni njoo. Watu watakuja kumtazama ndugu yangu." Kwetu ukiambiwa kuna watu wanakuja kumtazama mtoto wa mtu, unajua hiyo ni habari ya posa. Nilicheka moyoni, nikadhani kitenzi kimemponyoka. Haikupita muda nikatambua kuwa alikuwa amekichagua barabara.

Chavua ya misonobari ilikuwa imepaka kila kitu rangi ya manjano: magari, viti, hata viatu vyangu. Nyuma ya wavu, mkabala na kichuguu cha mrushaji, walikuwa wamejipanga wanaume kiasi cha 15, wengi wao wa makamo, mikononi wana saa za kupimia mbio, madaftari, na kile chombo ambacho askari wetu wa trafiki huwaelekezea madereva barabarani. Mkenya yeyote akikiona hupunguza mwendo. Kijana alipoinua mkono kurusha, vyombo viliinuka kwa pamoja. Mpira ulipotua katika glovu ya mdakaji, vikashuka na vichwa vikainama kuandika. 91. 92. 90. Hizo ni maili kwa saa. 91 ni takribani kilomita 146. Hapakuwa na aliyeshangilia wala aliyeguna.

Baada ya awamu ya tano kocha alimtoa kijana yule ili aupumzishe mkono. Wale wanaume wakafunga madaftari, wakakunja viti vyao, wakaenda zao. Mchezo ulikuwa haujaisha. Timu zilikuwa zimetoshana nguvu. Kwangu mimi, mtu wa fasihi, ilikuwa kama kuwaona wasomaji wakiifunga riwaya katikati kwa kuwa mhusika mmoja hatajwi tena katika sura zilizosalia.

Hao ndio wasaka vipaji wa klabu za kulipwa, na wanachokisakia ni siku chache tu za mwaka. Tangu 1965 ligi kuu ya besiboli huwa na uteuzi ambapo klabu hupokezana kutaja majina ya chipukizi, na aliyetajwa na klabu moja haruhusiwi kujadiliana na nyingine. Nia ilikuwa kuzizuia klabu tajiri zisiwazoe vijana wote, na pia, tusifichane, kupunguza fedha ambazo vijana hao walikuwa wakilipwa. Waamerika huuita uteuzi huo drafti. Kwetu drafti ni ule mchezo wa kete za vifuniko vya soda unaochezwa chini ya mwembe, nami sijaona tafsiri inayofaa zaidi ya hiyo: kete husukumwa, haiulizwi. Zamani raundi zilifika 50, zikawa 40, mwaka wa korona wa 2020 zikawa 5 tu, na tangu 2021 zimekuwa 20. Anayemaliza shule ya upili anaweza kutajwa. Akizikataa fedha na kuingia chuo kikuu cha miaka minne, sharti asubiri hadi amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21.

Nilirudi uwanjani Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Nilikwishanaswa. Safari ya tatu nilijaliwa kuketi karibu na mzee mmoja ambaye kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka mingi, na ambaye alistaajabu kusikia kwamba kuna mtu ametoka Kenya kuja kufundisha lugha. Hakuniambia anamfikiriaje kijana wetu. Ripoti ni siri ya klabu. Alinieleza kazi yenyewe. Wana mizani inayoanzia 20 na kuishia 80, na 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu. Mpigaji hupimwa kwa mambo matano: kuugonga mpira, nguvu za kuupeleka mbali, mbio, udakaji, na mkono wa kurushia. Mrushaji hupimwa kwa kila aina ya mtupo alio nao na kwa uwezo wake wa kuupeleka mpira anapotaka. Sisi tuliolelewa na mashairi ya arudhi tunayajua mambo ya mizani. Lakini alilolisema baadaye ndilo lililonishika. Alichukua kijikaratasi, akachora safu mbili, akaandika kwamba kila kipimo hupewa alama mara mbili: alama ya leo na alama ya kesho. Mtoto anaweza kuwa na 30 ya leo na 60 ya kesho.

"Leo anaiona kila mtu," akasema. "Mimi hulipwa kwa ajili ya kesho."

Na kesho huonwaje? Nilimbana. Akasema kwanza huutazama mwili: mabega mapana yasiyo na nyama bado, viganja vikubwa kuliko mikono. Kisha huwatafuta wazazi miongoni mwa mashabiki, amkadirie baba kimo na mama mifupa, apate kubashiri mtoto atakavyokuwa akifika miaka 23. Hutazama namna kijana anavyorudi benchini baada ya kushindwa. Matokeo ya mechi hayamwambii kitu, kwa sababu wapinzani wa shule ya upili hawana kasi ya kutosha, na magongo yao ni ya metali, yanayolia ting, ilhali huko mbele watatumia gongo la mti. Hatimaye, kabla ya uteuzi, msaka vipaji hubisha hodi nyumbani. Huketi sebuleni, husifu chakula, halafu huuliza swali lililomleta: ni kiasi gani cha fedha kitakachomfanya kijana aache kwenda chuo kikuu? Jibu hilo nalo huandikwa. Klabu haitaki kupoteza zamu yake kwa mtoto atakayekataa. Hapo nikaona kuwa mwanafunzi wangu hakukosea. Ilikuwa posa, na mshenga amekuja na saa ya kupimia mbio.

Jioni hizo zilinipeleka maktabani, nikaacha kwa muda vitabu vya nadharia vilivyonisubiri. Nilikisoma kitabu cha Michael Lewis cha 2003, Moneyball, ambacho kilikuwa kimegeuzwa filamu mwaka wa 2011. Ndani yake yumo Billy Beane, kijana wa San Diego aliyewapagawisha wasaka vipaji kwa umbo lake na sura yake. Mnamo 1980 klabu ya New York Mets ilimtaja wa 23. Akaiacha nafasi yake katika Chuo Kikuu cha Stanford akatia sahihi. Hakufua dafu. Baada ya miaka ya kuhangaika katika ligi kuu aliiacha glovu mwaka wa 1990, akaomba ajiriwe kuwa mmoja wa wale wanaoketi wakitazama na kuandika. Baadaye akawa meneja mkuu wa Oakland na kuwa na shaka kubwa na vijana wa shule za upili, wale waliofanana naye.

Niliposoma zaidi niliona kuwa hadithi yake haikuwa ya kipekee. Mets hao hao ndio waliokuwa na zamu ya kwanza mwaka wa 1966. Walimchukua mdakaji wa shule ya upili, Steve Chilcott, ambaye hakufika ligi kuu hata siku moja, wakamwacha Reggie Jackson, aliyekuja kupiga mipira 563 ikavuka ua. Mchagua nazi hupata koroma. Mwaka wa 1991 Yankees walimtaja wa kwanza Brien Taylor, mrushaji kutoka pwani ya North Carolina, wakamlipa dola 1,550,000. Desemba 1993 aliumia bega la mkono wake wa kurushia katika ugomvi ambao haukuwa wa uwanjani. Naye pia hakufika. Upande wa pili yuko Mike Trout wa Millville, New Jersey. Mwaka wa 2009 majina 24 yalitangulia lake. Na hata Angels, klabu iliyomchukua, ilikuwa na zamu mbili mfululizo, na ya kwanza ilimpa kijana mwingine. Trout akaja kuwa Mchezaji Bora wa ligi yake mara tatu, 2014, 2016 na 2019. Georgia kwenyewe jina lililokuwa midomoni mwa watu msimu ule lilikuwa la Michael Harris, mtoto wa Stockbridge, aliyetajwa raundi ya tatu mwaka wa 2019 na kutuzwa chipukizi bora mwaka wa 2022. Klabu kadhaa zilikuwa zimemwona, lakini zilimwona mrushaji. Yeye alitaka kupiga.

Nikimsikiliza mzee yule nilijisikia mwerevu kupita kiasi. Moyoni niliwasuta: mtu mzima anawezaje kumwandikia mtoto tarakimu ya kesho yake? Kisha usiku mmoja, chumbani mwangu, nikakumbuka kwamba mimi nami nina daftari.

Katika muhula wangu wa mwisho wa kufundisha nyumbani, mwezi Juni 2022, niliachiwa jukumu la kuteua mwanafunzi mmoja wa kukariri shairi katika tamasha za muziki. Waliojitokeza walikuwa saba. Niliketi nyuma ya darasa, nikawapima kwa sauti, matamshi, ishara za mwili na ukakamavu. Safu yangu ilikuwa moja tu. Palikuwapo msichana wa kidato cha tatu aliyekariri akiutazama ukuta, shairi alilolitunga mwenyewe, tarbia ya beti nane, vina vya kati na vya mwisho vimetulia. Nilimwandikia maneno mawili: sauti ndogo. Nikamteua mvulana mwenye sauti ya kutikisa mabati. Kisha, kwa kuwa mvulana hakuwa na shairi, nikampa lile la msichana. Na katika fomu, palipotakiwa jina la mtunzi, nikaandika langu. Nilijiambia ndivyo ifanywavyo, kwamba walimu wote huandika yao. Tulifika ngazi ya kaunti tukawa wa tatu. Miezi miwili baadaye nikapanda ndege.

Wasaka vipaji wa Georgia angalau walipomkosea mtoto hawakuuchukua mkono wake wakaurushia wao.

Mei 2023 nilirejea Kenya. Uteuzi wa mwaka huo ulianza Jumapili tarehe 9 Julai jijini Seattle, saa nane usiku kwa saa zetu, nami nilikesha nikiutazama kwenye simu huku vifurushi vya data vikiyeyuka. Wa kwanza alikuwa Paul Skenes na wa pili Dylan Crews, wote wa chuo kikuu kimoja cha Louisiana. Wa tatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka shule ya upili, Max Clark wa Indiana. Majina zaidi ya 600 yalitajwa kwa siku tatu. Siku ya mwisho, raundi ya 20 ilipokwisha, nilipata ujumbe kutoka Georgia: "Mwalimu, hawakumtaja. Alikula chakula chote. Sasa anarusha mpira kwa ukuta wa gereji." Nilitaka kumjibu kuwa ni "kwenye ukuta", nikajizuia.

Yule msichana wangu sikumtafuta mwaka huo. Nilijipa visingizio: ana mtihani, asisumbuliwe. Nilimpigia mama yake mwaka jana, nikaambiwa yuko chuo cha ualimu. Nilipozungumza naye nilimweleza habari ya fomu, neno kwa neno. Akanyamaza, kisha akasema, "Nilijua, Mwalimu. Nilikuwa nimesimama karibu na meza." Nilimwomba radhi. Hakusema ameipokea, wala hakusema hajaipokea. Alisema bado anatunga.

Wiki mbili baadaye alinitumia shairi kwa simu. Juu kabisa, hata kabla ya anwani, ameandika jina lake, majina yote matatu. Nililisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa mazoea ya kazi, na katika ubeti wa tano nikaona mshororo mmoja umepungukiwa mizani. Nikamwandikia hivyo, bila kuongeza neno.

Amejibu leo asubuhi. Anasema ameuhesabu, na alikusudia.