Msitu wa City Park: Mabaki ya Nairobi ya Kale

Kila Jumapili wazazi wengi wa Nairobi huumiza vichwa wakifikiria mahali pa kuwapeleka watoto bila kumaliza mshahara. Je, umewahi kuingia City Park? Huenda umepita hapo mara mia ukienda kununua mboga katika soko lililo kando ya Barabara ya Limuru, au kumjulia hali mgonjwa katika hospitali ya Aga Khan iliyo karibu, na hujawahi kujua kilichomo nyuma ya ile miti.

Wengi wanaoingia hufuata kima. Wanyama hao hushuka mitini kwa vikundi, mama akiwa amembeba mtoto kifuani, na watoto wetu hufurahi mno. Sisi watu wa mjini tuna tabia ya kumwita kila nyani mdogo tumbili. Tumbili ni yule mwenye uso mweusi uliozungukwa na manyoya meupe. Hawa wa City Park ni kima: wakubwa kidogo, wa rangi ya kijivu iliyoiva, na koo ni jeupe. Utamu wa njugu na ndizi wanaujua sana, na ukiingia umeshika mfuko wa karatasi jiandae kunyang'anywa. Nakushauri usiwalishe. Kima aliyezoea mkate huacha woga, na akikosa mkate huuma. Isitoshe, chakula chake kipo: matunda, majani na maua ya msitu.

Na huo msitu ndio ninaotaka uutazame. Wengi hukoma kwenye nyasi na vitanda vya maua, wakala, wakapiga picha, wakarudi nyumbani. Wewe vuka maua, ufuate vijia vinavyoingia kwenye kivuli. Miti mingi utakayoiona huko haikupandwa na mtu. Reli ilipofika mwaka 1899 mahali ambapo Wamaasai walipaita penye maji baridi, nyanda za juu upande huu zilikuwa na msitu wa aina hii. Sehemu kubwa ilikatwa ili kupata kuni, mbao, mashamba na viwanja vya nyumba. City Park yenye hekta 60 hivi ni kipande kilichosalia, jamaa ya msitu wa Karura, ingawa siku hizi nyumba na barabara zimewatenganisha ndugu hao.

Mtafute muhugu. Ni mti wa gome la kijivu lenye mifereji, na jani lake ni la kijani kibichi juu na jeupe chini. Mbao zake ni ngumu, zina harufu nzuri, na mchwa hazimudu. Ndiyo sababu nguzo za ua na sakafu za nyumba nyingi za zamani zilitengenezwa kwa muhugu. Wachongaji wa Kikamba nao wameutumia kwa miaka mingi kuchonga twiga na vifaru wanaouzwa kwa watalii. Lakini mti huu hukua polepole sana. Tena kuna muhugu dume na muhugu jike, na mbegu nyingi huharibiwa na wadudu kabla ya kuota. Kwa hiyo anayekata muhugu mkubwa leo na kuahidi kupanda miche kumi, hata akiipanda kweli, hatakuwepo kuiona ikifikia unene ule. Mimi ahadi za namna hiyo huzisikiliza kwa sikio moja.

Upo pia muthiga, ambao gome lake huwasha ulimi kama pilipili na ambao Wakikuyu na Wamaasai hutumia kama dawa ya kikohozi na maumivu ya meno. Waonyeshe watoto, ila msibandue gome. Kila mpitanjia akichukua kipande, mti hukauka.

Ukimaliza kutembea, nenda makaburini. Hapo amezikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru na mbunge aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Karibu naye amelala rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 na kufariki 1990, pamoja na mkewe Sheila. Mwanafunzi wa historia atajifunza mengi hapo kwa nusu saa.

Miaka ya 1990 ardhi ya umma jijini iligawanywa kama karanga, na bustani hii haikuepuka macho ya wanyakuzi. Wapenzi wa mazingira waliunda kundi la marafiki wa City Park, wakaanza kuhesabu miti na ndege na kupiga kelele kila walipoona ua mpya. Mnamo 2009 serikali iliitangaza kuwa urithi wa taifa unaolindwa kwa sheria ya makavazi. Karatasi hiyo ina nguvu mahakamani, lakini ua husogezwa usiku, na anayejua mpaka ulipokuwa jana ni yule anayetembea hapo mara kwa mara.

Kutoka katikati ya jiji ni kilomita 3 hivi. Matatu za Barabara ya Limuru zitakushusha karibu. Nendeni kwa kundi, asubuhi, wala msiwaache watoto wakatangulia peke yao vichakani. Vaeni viatu vya kufunika vidole, na chakula kifungeni ndani ya mkoba wenye zipu.