Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Leo nashika kalamu kueleza jambo linalonikera moyoni. Lilianzia darasani, katika kipindi cha muziki.

Mwalimu alitusimulia habari za Fanny Mendelssohn, aliyezaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1805. Yeye na mdogo wake Felix walifunzwa piano na utunzi pamoja. Lakini Fanny alipokuwa na miaka 14 tu, baba yao alimwandikia barua kwamba huenda muziki ukawa kazi ya Felix, ila kwake yeye utakuwa pambo tu. Hata hivyo Fanny hakuacha. Alitunga kazi zaidi ya 400. Nyimbo zake sita zikachapishwa kwa jina la Felix!

Mwaka wa 1842 Felix alimtembelea Malkia Victoria wa Uingereza. Malkia akachagua wimbo mmoja katika kitabu cha Felix, akauimba. Kumbe ni wa Fanny! Ikabidi Felix akiri. Fanny alichapisha kazi zake kwa jina lake mwenyewe mwaka wa 1846, na mwaka uliofuata akafariki, akiwa na miaka 41. Hata sonata yake ya Pasaka ya mwaka wa 1828 ilidhaniwa kuwa ya Felix mpaka mtafiti mmoja alipothibitisha ukweli mwaka wa 2010.

Darasa zima lilimcheka Felix. Mimi sikucheka, nilitazama chini.

Mnakumbuka shairi nililolikariri Siku ya Wazazi mwaka jana, mkanipigia makofi? Si langu. Alilitunga dada yangu, ambaye aliacha shule kwa kukosa karo. Jioni moja alikuwa akisonga ugali, maneno yakimtoka yenyewe, vina na mizani sawasawa, nami nikiyaandika. Mwalimu aliponiuliza ni nani mtunzi, nilisema ni mimi. Nikazawadiwa kamusi. Nilipofika nyumbani dada aliuliza tu, "Walilipenda?" Nikamjibu ndiyo, basi.

Siku ile ya kipindi cha muziki nilimpa kamusi yake na kumweleza yote. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaifungua, akaanza kusoma.

Nimemwomba mhariri alichape shairi lile mwakani kwa jina la mwenyewe. Felix alikiri mbele ya malkia. Mimi nakiri mbele yenu, wenzangu na walimu wangu. Nisameheni.