Nani Anaandika Safari Zako?

Ukiomba uraia wa Uingereza, mara nyingi fomu inataka safari zako zote za nje kwa miaka 5: ulitoka lini, ukarudi lini, ulikwenda wapi. Kwa kawaida siku za kuwa nje zisizidi 450, na katika miezi 12 ya mwisho zisizidi 90. Pasipoti haikusaidii sana, maana mwenye kibali cha kuishi akirudi mara nyingi hagongewi muhuri. Ndiyo maana Watanzania wenzetu wengi huku Uingereza wameweka programu kwenye simu inayosoma mahali ulipo na kuandika yenyewe nchi na tarehe.

Ina vituko vyake. Umebadilisha ndege Doha, inaweza kukuhesabia umetembelea Qatar. Uko Namanga upande wetu unakula chipsi mayai, simu ikinasa mnara wa Kenya, basi umeshavuka mpaka! Tena siku ya kuondoka na ya kurudi hazihesabiwi kuwa ulikuwa nje, ila si kila programu inalijua hilo. Lazima upitie mwenyewe.

Nyumbani sikuwahi kuhesabu safari, kwa sababu wa kuziandika wapo. Lala gesti Singida usiku mmoja tu. Kabla ya kukupa ufunguo, dada wa mapokezi anakusogezea daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula, kalamu imefungwa uzi: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho, sahihi. Basi ulilokuja nalo lina kifaa cha LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, kinachofuatilia mwendo wake. Na mama naye anapiga kila baada ya muda: "Mmefika wapi?" Chalinze. Morogoro. Dodoma.

Kwetu mwenyeji ndiye anayetunza kumbukumbu, msafiri anajibu tu. Huku mzigo ni wako. Tarehe zikigongana, anayeulizwa ni wewe.

Wapo wanaoikataa programu wakisema inawapeleleza. Hawajakosea, ila hao hao wakienda likizo nyumbani wanaandika kabila lao kwenye daftari ambalo mgeni anayefuata analisoma lote huku akisubiri ufunguo. Mimi nimechagua programu inayoweka kumbukumbu ndani ya simu yenyewe, haizipeleki kwa kampuni. Kila nikirudi safari natoa orodha, nailinganisha na tiketi zilizomo kwenye barua pepe, kisha naifuta Qatar.