Kisiwa Ndani ya Nyumba

Fundi wetu hakusema "kisiwa". Alisema "ailandi", na akasema kwa kujiamini kama mtu aliyezijenga mia. "Dada, hii ailandi unaitaka flati au ya vimo viwili?" Nilikuwa nimesimama mahali ambapo kwenye ramani paliandikwa "jiko", ila siku hiyo palikuwa zege tupu na rundo la mchanga, nikamjibu kama mtu aliyefanya mazoezi: flati. Mita moja na themanini kwa sentimita tisini, juu granaiti nyeusi. Picha ninazo kwenye simu. Kweli nilikuwa nazo, na nyingi kuliko za harusi yangu.

Mama alikuwa amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, ananyoosha goti lake la kulia. Akauliza ailandi ndiyo nini. Nikamweleza: ni kisiwa, mama, kabati linalosimama peke yake katikati ya jiko, halishiki ukuta wowote, unalizunguka kote. Mama yangu ni mzaliwa wa Mafia. Asubuhi ile ile alikuwa ameshuka boti Nyamisati, akapanda gari hadi kwetu Kisemvule.

"Nimevuka maji kutoka kisiwani," akasema, "mnitie tena kisiwani?"

Fundi alicheka mpaka futi kamba ikamponyoka. Mimi nilicheka nusu. Tangu baba afariki tulikuwa tumemwomba mama aje akae nasi, na alikuwa bado hajasema ndiyo.

Niseme kwanza kwa nini nilikitaka, maana watu hudhani ni ulimbukeni wa kuiga nyumba za kwenye picha. (Wa kuiga ulikuwepo pia, sikatai.) Nyumba niliyokulia ilikuwa na jiko uani, kibanda cha makuti chenye mafiga na giza la moshi. Wageni wa baba walikaa barazani. Baba alikuwa mwalimu, na jioni zake zilikuwa za watu wanaosomeana magazeti kwa sauti, wanabishana siasa, wanabishana ushairi, fulani kaiba vina, fulani hajui mizani. Mimi nilipeleka kahawa. Nilifika na sinia katikati ya sentensi, nikaondoka kabla haijaisha. Mazungumzo mengi ya utotoni nimeyahifadhi vipande vipande, mengine sijui mpaka leo yaliishaje. Nikajiapia kwamba nikijenga kwangu, jiko litatazama sebule. Nitakata vitunguu huku nabisha.

Kwa hiyo nilisoma. Mtu wa vitabu akijenga nyumba anasoma mpaka anamchosha fundi. Nilisoma kuhusu Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria, ambaye mwaka 1926 alibuni jiko la nyumba za watu wa kipato cha chini mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, kila kitu kikiwa mkononi, hatua zimepimwa ili mwanamke asipoteze nguvu bure. Yalijengwa takriban 10,000. Wanawake wengi yaliwapunguzia kazi, ila baadaye wakaja wakosoaji wakasema yaliwafungia peke yao kwenye kijichumba kinachotosha mtu mmoja. Na yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba wakati anabuni alikuwa hajawahi kupika. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kitandani, baba watoto akaniuliza nina nini.

Kuna kitu kimoja kwenye jiko lile nilikisoma nikakipita bila kukitilia maanani: msanifu aliweka stuli, ili mpishi afanye kazi ameketi.

Siku ya pili fundi akatufanyia jambo la akili. Kabla ya kujenga chochote alipanga matofali makavu, bila udongo, kwa kipimo cha kisiwa changu, akalaza mbao juu. "Zungukeni," akasema. Tukazunguka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sentimita hazionekani kwenye picha. Kati ya kisiwa na makabati ya ukutani unahitaji angalau mita moja, na kama wapishi ni wawili, mita moja na ishirini, la sivyo mmoja akifungua oveni mwenzake anabaki amesimama kama askari wa gwaride. Ukitaka watu wakae upande wa pili, jiwe la juu litokeze sentimita kama thelathini, magoti yapate pa kuingia. Na kimo cha kawaida, sentimita tisini, ni cha mtu wa urefu wangu. Julia Child, yule mpishi wa Marekani aliyepita futi sita, mumewe alimwinulia kaunta zake. Jiko lake leo liko makumbusho ya Smithsonian, na ukisimama pale bila shaka utaona si lako.

Mama alipoweka mikono juu ya zile mbao, viwiko vyake vilipanda kama mtu anayetaka kuchungulia dirishani. Akajaribu kama anakata kitu. Akaacha.

"Nazi nitakunia wapi?"

Nikasema kuna blenda, mama. Akanitazama tu. Nikasema basi mbuzi tutaiweka pale, karibu na sinki. Akageuka kuangalia upande wa sebule, mahali ambapo ukuta haukuwepo na hautakuwepo, kwa sababu ndivyo nilivyochora.

"Na mkwe wangu atakuwa wapi?"

"Kwenye kochi."

"Anafanya nini?"

"Anaangalia mpira, mama."

"Basi mimi nikae pale, nimepanda mbuzi, miguu huku na huku, khanga nimeibana katikati, mkwe wangu ananitazama."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefikiria upepo, mwanga, soketi, mtungi wa gesi utakaa nje au ndani, moshi wa samaki utaingiaje kwenye mapazia. Haya ya mama hayakuwa kwenye picha hata moja kati ya zile zote. Jiko la uani ambalo mimi nililiona kama jela, kwake lilikuwa mahali pekee kwenye nyumba ambapo hakuna mwanamume aliyeingia bila kubisha hodi. Pale alivua ushungi. Pale yeye na shangazi zangu walisema waliyoyasema, na mimi, niliyekuwa nafukuzana na vipande vya mazungumzo ya barazani, sikuwahi kukaa nikayasikiliza yao.

Nimemkumbuka hapo Mwana Kupona, mtu mwingine wa visiwani, kaskazini huko Lamu, aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Tukiwa chuoni tuliusoma kwa hasira, tukahesabu kila mahali mama anapomfunza binti kumtumikia mume. Hasira ile sijaifuta. Ila siku hizi naona na jambo jingine: ni mama anazungumza na binti, wawili, na mlango umerudishwa.

"Kama jiko ni hili," mama akasema akiinuka kwenye ndoo, "mimi nitakuwa mgeni. Nitakuja siku tatu nitaondoka." Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Tulibishana mimi na fundi kwa wiki nzima, kwa simu na kwa michoro kwenye mfuko wa saruji. Baba watoto alisema chochote sawa mradi chakula kije. Mwisho kisiwa kikawa cha vimo viwili kama fundi alivyouliza siku ya kwanza: upande wangu tisini, upande wa mama sabini na mbili, kimo cha meza, wazi chini ili kiti kiingie na goti linyooke. Granaiti nikaiacha, tukamwaga terazo, na ile pesa iliyobaki ikaenda uani: kibaraza cha futi nane kwa kumi, bati juu, bomba lake, sakafu laini, na mlango wa mbao unaofungwa kwa ndani na nje. Kibaraza hicho hakikuwa kwenye ramani. Kukubaliana bei yake na fundi kulichukua muda kuliko kukijenga.

Mama alikuja, na siku tatu zikapita. Kwenye upande wake wa chini anachambua mchele, anachagua choroko, anaongea na simu kwa sauti ya mtu anayeamini Mafia ni mbali. Hapo hata mkwe wake humwamkia akipita, naye huitikia bila kuinuka. Lakini nazi anakunia nje, mlango umefungwa.

Jumapili iliyopita tulikuwa na wageni, marafiki zangu wa kusoma, wanaume na wanawake, riwaya moja mezani na ugomvi mkubwa kama mwisho wake ni halali au ni uvivu wa mwandishi. Nilikuwa nimesimama kisiwani kwangu, kisu mkononi, nakata vitunguu na kubisha, kama nilivyojiapia. Baada ya muda nikaona viti vimepungua. Kwanza wifi, halafu mwalimu mwenzangu, halafu yule dada mkimya ambaye huwa hasemi kitu. Waliobaki ni wanaume wanne na mimi.

Nyuma ya mlango wa uani pakalipuka kicheko. Nikasikia sauti ya mama, "...basi nikamwambia, we mwanamume we...", halafu mbuzi ikaanza tena kukuna, ikafunika maneno.

Mmoja wa wanaume akaniuliza naonaje kuhusu sura ya mwisho. Nikamwambia ngoja kidogo. Nikafuta mikono, nikauchukua ungo wa mchele uliokuwa tayari umechambuliwa, nikaenda kubisha hodi.