Dirisha la Mbao katika Nyumba ya Kihamba

Nyumba ya jadi ya Wachaga, iliyosimama katikati ya kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, na baadaye kahawa, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, haikuwa na dirisha hata moja. Ilikuwa ya mviringo, imeezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na ndani yake watu na mifugo walilala chini ya paa moja, huku moshi wa jiko ukijipenyeza kwenye nyasi na kuwafukuza wadudu waliokula miti ya paa. Mwanga uliingia mlangoni tu. Kwa hiyo dirisha la mbao ambalo leo hutajwa kuwa dirisha la asili lina asili yake katika nyumba ya pili, ile ya pembe nne iliyoezekwa kwa bati, na historia yake haiwezi kutenganishwa na historia ya kahawa.

Wamisionari Wakatoliki walikaa Kilema na wale wa Kilutheri wakafika Machame mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakajenga nyumba, shule na makanisa yenye kuta zilizonyooka na nafasi za kupitishia mwanga; na kahawa ilipoenea kwenye vihamba, wakulima wenyewe wakapata fedha za kununulia bati na misumari na kumlipa seremala. Chama cha kwanza cha wakulima hao kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Kilimanjaro, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha KNCU, ambacho malipo yake ya msimu ndiyo yaliyozijenga nyumba nyingi za pembe nne zilizosimama mpaka leo.

Dirisha la nyumba hizo lilikuwa fremu ya mbao nzito iliyosimamishwa kabla ukuta haujapanda, pamoja na mabawa mawili ya mbao zilizopigiliwa pamoja, ambayo mafundi huyaita shata, yakifunguka kwa nje juu ya bawaba na kufungwa kwa komeo ndani. Mbao za kamfori, mti mkubwa wa msitu wa mlimani usioshambuliwa upesi na wadudu, ndizo zilizothaminiwa kuliko zote; waliozikosa walipasua mgrivelia, mti wenye asili ya Australia ambao hupandwa kihambani kwa ajili ya kivuli cha kahawa, na hivyo dirisha lilitoka hatua chache tu kutoka ukuta lilikowekwa. Mwandishi wa makala haya, aliyekulia katika nyumba ya aina hiyo, anakumbuka kwamba kufungua shata ilikuwa kazi ya kwanza ya asubuhi, kwamba hewa ilibadilika chumbani kwa dakika chache kwa kuwa nafasi yote ya fremu ilikuwa wazi, na kwamba katika miezi ya Juni na Julai, ukungu unapokaa mlimani mchana kutwa, familia ililazimika kuchagua kati ya mwanga na joto. Haifai kulificha jambo hili la mwisho, kwa sababu mtoto aliyetaka kusoma wakati wa baridi alisomea kwenye giza au karibu na taa ya mafuta, na anayelisifu dirisha la mbao bila kumkumbuka mtoto huyo hasemi ukweli wote.

Kioo kilianzia sebuleni, kwenye nyumba za walimu, makarani na wakulima wenye mavuno mazuri. Fremu zake zilikuwa za chuma chembamba kilichogawanywa katika vyumba vidogo, na kila kipande cha kioo kilishikizwa kwa puti, ambayo ni unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta na kukauka ukawa mgumu. Vyumba vya kulala viliendelea kuwa na shata. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipofuatiwa na uhaba mkubwa wa bidhaa, kipande kilichovunjika kilizibwa kwa bati au ubao, na nyumba nyingi zilibaki hivyo kwa miaka. Hata hivyo aliyeziba alikuwa mwenye nyumba mwenyewe au fundi wa jirani, na dirisha liliendelea kufanya kazi.

Mabadiliko ya tatu, yaani ujio wa dirisha la alminiamu, ndiyo makubwa zaidi, ijapokuwa yamepita karibu bila kujadiliwa. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa uliogawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulivunjika, bei ikaporomoka, na fedha za kutunzia nyumba zikaanza kutoka kwa watoto waliokwenda kufanya kazi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko badala ya kutoka kihambani. Msitu wa mlima nao uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, hatua ambayo ilistahili kuchukuliwa, na kamfori ya zamani haina mbadala wa karibu. Wakati huohuo alminiamu ilizagaa mijini, na tangu mwaka 2023 vioo bapa vinatengenezwa Mkuranga, mkoani Pwani. Kazi ya kubadilisha madirisha hufanywa zaidi kuelekea Desemba, watoto wanaporejea nyumbani kwa Krismasi, na kwa kawaida anayelipa ndiye anayeamua, ingawa yeye atalala humo wiki moja au mbili na wazazi watalala humo mwaka mzima.

Dirisha jipya la kusukuma pembeni, ambalo mafundi huliita slaidi, huleta mwanga mwingi, huzuia panya na, likiwa na wavu, huzuia mbu. Faida hizo ni za kweli na zinaheshimika. Lakini nusu moja ya kioo daima huifunika nusu nyingine, hivyo hewa hupata nusu tu ya nafasi iliyokuwapo. Alminiamu hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao, na kioo cha milimita 5 hakizuii baridi kama ubao wa milimita 25, ndiyo sababu alfajiri ya Julai mvuke wa pumzi hugeuka matone ya maji kwenye fremu na kutiririka hadi kwenye ukuta wa udongo ulio chini yake. Ukuta huo huwa umekwisha kujeruhiwa, kwa kuwa fremu ya zamani ilikuwa imebeba sehemu ya uzito wa ukuta ulio juu yake, na kuing'oa bila kuweka kwanza linta, yaani boriti ya kubebea uzito huo, huacha nyufa zinazopanda hadi kwenye paa. Hasara kubwa kuliko zote ni ile ya ufundi: gurudumu dogo la slaidi likivunjika, seremala wa kijijini hana la kufanya, na mama mzee husubiri fundi wa mjini au Desemba nyingine, wakati bawaba ya shata ilirekebishwa siku hiyohiyo kwa msumari na nyundo.

Fremu nyingi zinazong'olewa zimeoza sehemu moja tu, ubao wa chini unaopokea mvua, ambao hukatwa na kuungwa mwingine. Na anayetaka mwanga aweza kuongeza bawa la kioo upande wa ndani wa fremu ileile, huku shata zikibaki nje. Anayepanga kazi hiyo kwa Desemba ijayo na amwite kwanza seremala wa kijijini akague kila fremu, awasikilize wanaolala humo mwaka mzima, kisha aagize alminiamu kwa lile dirisha tu ambalo kweli limekwisha.