Wacheza ngoma wa Paris

Mwaka 1845 kikundi cha Waojibwa kilicheza ngoma mjini Paris mbele ya mfalme Louis-Philippe. Delacroix aliwachora. Ndui iliua baadhi yao kabla ya kurudi kwao.

Mwaka 2010 Robert Houle, mchoraji Mwojibwa wa Kanada, aliwarudisha Paris katika kazi yake Paris/Ojibwa: mwaguzi, askari, mcheza ngoma na mganga, wamechorwa ndani ya ukumbi wa kitajiri. Mimi Mkongomani nawaza mara moja makaburi saba ya Tervuren, ya wenzetu walioonyeshwa kule mwaka 1897.

Lakini Maungwudaus, kiongozi wa Waojibwa wale, alikuwa mkalimani (mtu wa fakulte yetu, karibu niseme!), naye aliandika mwenyewe habari za safari, zikachapishwa Boston mwaka 1848. Wa Tervuren ninawasoma kwenye mawe tu: majina saba.